Binti yangu anataka kucheza tenisi ya kulipwa: kazi hii inakwendaje hasa?

Swali: "Binti yangu ana miaka 16. Anacheza mashindano ya vijana ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) na mara kwa mara anafika nusu fainali. Sasa anataka kuacha shule awe mchezaji wa kulipwa, na kocha wake anamuunga mkono. Nikiuliza ataishi kwa nini, wote wawili wananitajia zawadi za Grand Slam. Mimi siijui tenisi. Naomba unieleze kazi hii inavyokwenda mwaka hadi mwaka, pesa inatoka wapi, na nitajuaje kama aendelee au aache. Mama wa mchezaji."

Jibu: Mama, nashukuru umeuliza mapema, kabla akiba haijaguswa. Zawadi wanazokutajia ni za kweli. Aryna Sabalenka alipotwaa US Open, mojawapo ya Grand Slam, mwaka 2025 alilipwa dola milioni 5. Elena Rybakina, aliyeshinda mechi zake zote kwenye Fainali za WTA mjini Riyadh mwaka huohuo, aliondoka na zaidi ya dola milioni 5.2. Lakini hao wawili hawakusaidii kujua miaka mitano ijayo ya binti yako itakuwaje. Miaka hiyo ataitumia kamera zisikofika, kati ya nafasi ya 800 na ya 150 duniani, na huko ndiko kazi yake itakakoamuliwa. Ndiyo maana maelezo yangu mengi yatakuwa ya huko.

Anza na orodha ya viwango, maana kila kitu kinaning'inia hapo. WTA, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanawake tangu Billie Jean King na wenzake walipokianzisha London mwaka 1973, hupanga wachezaji kwa pointi walizovuna katika wiki 52 zilizopita. Kwa mchezo wa mmoja mmoja huhesabiwa matokeo 18 bora. Mwaka ukizunguka, pointi za wiki kama hii ya mwaka jana zinaondoka. Msichana aliyetwaa taji mwezi Machi, akikaa nje Machi inayofuata kwa sababu ya kifundo cha mguu, anaporomoka bila kupoteza hata mechi moja. Hakuna nafasi anayoimiliki mtu. Kila mwaka anaikomboa upya.

Mashindano nayo yana ngazi, na jina la ngazi karibu lote ni hesabu ya pointi. Chini kabisa ipo W15 ya ITF, ambapo bingwa hupata pointi 15. Juu yake kuna W35, W50, W75 na W100. Kisha unaingia kwenye mashindano ya WTA yenyewe: 125, 250, 500 na 1000. Grand Slam nne, yaani Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open, humpa bingwa pointi 2,000. Sasa angalia jambo hili: anayetolewa raundi ya kwanza ya Grand Slam, aliyecheza mechi moja na kushindwa, huondoka na pointi 10. Binti yako kwenye W15 yenye wachezaji 32 atalazimika kushinda mechi tano mfululizo ili apate 15.

Upande wa pesa pengo ni kubwa zaidi. Mwaka 2025, aliyeshindwa raundi ya kwanza US Open alilipwa dola 110,000, na Wimbledon pauni 66,000. Bingwa wa W15, baada ya mechi zake tano, hupata dola 2,000 na ushee kabla ya kodi. Anayetolewa mapema hapati hata nauli.

Droo kuu ya Grand Slam ina wachezaji 128. Kati yao 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi zao kwenye orodha, 16 hupitia mashindano ya kufuzu, na 8 hupewa nafasi za mwaliko, ambazo nyingi huenda kwa wachezaji wa nchi mwenyeji. Kwa hiyo mstari ulio karibu na nafasi ya 100 ndio unaotenganisha wanaoishi kwa tenisi na wanaoigharamia. Walio kati ya 100 na takriban 230 hucheza kufuzu, mechi tatu ngumu, na wengi wao huishia hapo. Ukimtazama uwanjani mchezaji wa 95 na wa 240, huenda usione tofauti. Mipira inakwenda kasi ileile, na sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, ni zilezile. Tofauti ni pointi nne au tano ndani ya seti, nani anathubutu na nani anasita.

Gharama je? ITF ilipochunguza hesabu za mwaka 2013 iligundua kuwa mchezaji wa kike alitumia wastani wa dola elfu 40 hivi kwa mwaka kwa safari, malazi, chakula, nyuzi na vifaa, bila kuhesabu kocha. Mapato na gharama yalikutana karibu na nafasi ya 253. Zawadi zimepanda tangu hapo, na tiketi za ndege zimepanda pia. Ukiongeza kocha anayesafiri naye, ambaye unamlipia nauli, chumba, chakula na ujira wa wiki, mstari huo unasogea juu sana. Kwa uzoefu wangu, mchezaji mwenye kocha wa kudumu hapumui vizuri mpaka awe ndani ya 150.

Acha nikuelezee wiki moja ya W15, kwa sababu ndizo wiki atakazoishi. Mechi za kufuzu hubanwa mwanzoni mwa wiki, droo kuu huanza Jumanne. Hakuna waokota mipira. Mara nyingi hakuna waamuzi wa mistari, hasa kwenye kufuzu: kila mchezaji huamua upande wake kama mpira uko ndani au nje, huku mwamuzi mmoja akizunguka viwanja kadhaa. Msichana wa miaka 16 aliyelelewa kuwa mpole ataibiwa mipira kwenye mistari, na itabidi ajifunze kumwita mwamuzi bila kulia wala kutukana. Ratiba ya kesho hutoka jioni. Ikimwandikia mechi ya nne kwenye uwanja namba 3, hajui kama ataingia saa saba mchana au saa kumi na moja. Inategemea mechi tatu zilizo mbele yake zitachukua muda gani. Anakula kidogo, anajipasha moto, wale walio uwanjani wanakwenda seti ya tatu, anapoa, anajipasha tena. Nyuzi za raketi hulegea kila siku, na kuzifunga upya kuna bei yake. Kwa hiyo usiku anakaa na raketi tatu kitandani akiamua ipi ifungwe nyuzi mpya na zipi zivumilie za juzi. Akishindwa asubuhi ya Jumanne, hesabu nyingine inamngoja: abaki acheze wawili wawili na kulipia hoteli siku tatu zaidi, au abadilishe tiketi aende kwenye mji unaofuata, ambako jina lake bado liko kwenye orodha ya kusubiri?

Huyo msichana wa Jumanne asubuhi, aliyeshindwa, ndiye mimi humwangalia. Katika droo ya wachezaji 32, 31 wanaondoka wameshindwa. Hata mchezaji wa nafasi ya 40 duniani hufunga wiki zake nyingi kwa kushindwa. Binti yako amezoea nusu fainali za vijana, ambako mtu hushinda mara tatu au nne ndipo ashindwe mara moja. Kwenye tenisi ya kulipwa atashindwa karibu kila wiki, mwezi baada ya mwezi, na wengi watakaomshinda ni wanawake wa miaka 24 au 28 ambao hawana sevu nzuri kuliko yake. Anayerudi uwanja wa mazoezi alasiri hiyohiyo kurekebisha kitu kimoja, na usiku akalala, huyo ana nafasi. Anayejifungia chumbani siku mbili akisoma maoni ya watu kwenye simu ana shida ambayo pigo zuri la bekihendi haliitibu.

Kuhusu muda, mfano ninaowapa wazazi ni Ons Jabeur wa Tunisia. Alitwaa French Open ya wasichana mwaka 2011 akiwa na miaka 16, umri wa binti yako, taji ambalo wengi hawalioti. Aliingia 100 bora mwaka 2017. Taji lake la kwanza la WTA lilikuja Birmingham mwaka 2021, miaka kumi baada ya lile la vijana. Mwaka uliofuata akashinda Madrid, akafika fainali ya Wimbledon na ya US Open, akashika nafasi ya 2 duniani, na mwaka 2023 akarudi tena fainali ya Wimbledon. Iga Swiatek naye alitwaa Wimbledon ya wasichana mwaka 2018 na miaka miwili tu baadaye akawa bingwa wa French Open ya wakubwa. Kocha wa binti yako huenda anakutajia Swiatek. Wewe panga bajeti yako kwa Jabeur.

Kuna hadithi nyingine utakayosikia, ya Lois Boisson. French Open 2025 alipewa nafasi ya mwaliko akiwa wa 361 duniani. Akamtoa Jessica Pegula aliyekuwa wa 3, akamtoa Mirra Andreeva aliyekuwa wa 6, akafika nusu fainali na kulipwa euro 690,000. Akapanda hadi nafasi ya 65. Watu wanasema alitoka kusikojulikana. Si kweli. Mei 2024 alikuwa ametwaa taji la WTA 125 mjini Saint-Malo na alikuwa anapanda vizuri, kisha akachanika ligamenti ya goti siku chache kabla ya French Open ya mwaka huo, ambako pia alikuwa amepewa mwaliko. Nafasi ya 361 ilikuwa ya goti, haikuwa ya kiwango chake. Na tazama orodha zilivyo ngumu: usajili wa Wimbledon ulikuwa umeshafungwa kabla hajapanda, kwa hiyo mchezaji huyo aliyefika nusu fainali Paris alikwenda Roehampton, London, kucheza kufuzu, na huko akatolewa mechi ya kwanza.

Emma Raducanu ndiye mfano wa upande wa pili. US Open 2021 alianzia kufuzu akiwa wa 150, akashinda mechi kumi bila kupoteza seti, akatwaa taji na kulipwa dola milioni 2.5. Hakuwa amepitia ile miaka ya wiki za Jumanne. Baadaye, mwaka 2023, alifanyiwa upasuaji wa mikono yote miwili na kifundo cha mguu, akashuka hadi karibu na nafasi ya 300, kisha akaanza kupanda upya mbele ya kamera zote. Ninamheshimu sana kwa alivyorudi. Lakini mzazi hawezi kumpangia mtoto wake maisha kwa kutegemea majuma mawili kama yale ya New York.

Sasa shule. Hapa nakujibu moja kwa moja: asiache. Sababu yangu si ile ya kawaida ya kusema elimu ni ufunguo. Sababu ni kanuni. Hadi atimize miaka 18, WTA na ITF huweka kikomo cha mashindano ya kulipwa ambayo msichana anaruhusiwa kucheza kwa mwaka. Chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa, kisha idadi hupanda mwaka hadi mwaka. Kanuni hiyo iliwekwa katikati ya miaka ya 1990 baada ya dunia kushuhudia yaliyomkuta Jennifer Capriati. Alianza kulipwa Machi 1990 kabla ya kutimiza miaka 14, akapata dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992, na kabla ya kufika 18 alikuwa amechoka na kuondoka. Alirudi, na mwaka 2001 akatwaa Australian Open na French Open. Hata hivyo miaka iliyopotea katikati haikurudi. Kwa hiyo binti yako akiacha shule leo, hapati ruhusa ya kucheza mashindano mengi zaidi. Anapata saa nyingi tupu, na kwa umri huo saa tupu zinaishia kuwa mazoezi ya kupita kiasi na majeraha ya bega.

Katika miaka hii miwili aendelee na vijana, aongeze W15 na W35 chache zilizochaguliwa vizuri. Akipanda juu sana kwenye orodha ya vijana, ITF ina mpango unaowapa wasichana 20 wa juu mwisho wa mwaka nafasi za moja kwa moja kwenye mashindano makubwa kidogo ya kulipwa, na nafasi hizo zinaokoa mwaka mzima wa kuhangaika na kufuzu.

Halafu kuna njia ya vyuo vikuu vya Marekani, ambayo makocha wengi wa zamani huidharau. Danielle Collins alisoma Virginia, akawa bingwa wa vyuo mwaka 2014 na 2016, akafika fainali ya Australian Open mwaka 2022 na kutwaa Miami mwaka 2024. Emma Navarro alitoka chuo hichohicho na mwaka 2024 alifika nusu fainali ya US Open. Angella Okutoyi wa Kenya, baada ya kutwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, alichagua kwenda Auburn. Chuo humpa mchezaji ufadhili, viwanja, mtaalamu wa viungo, mechi za ushindani kila wiki, na miaka minne ya kukomaa mwili bila wewe kuuza kitu. Ila angalizo moja: kanuni za vyuo kuhusu zawadi za pesa kabla ya kujiunga ni za kusomwa kwa makini na zimekuwa zikibadilika. Kabla hajapokea hundi yoyote ya mashindano, uliza chuo anachokitaka, na utunze risiti za kila gharama ya wiki hiyo.

Umeniuliza pesa inatoka wapi. Zawadi ni sehemu moja tu. Kuna shirikisho la nchi, ambalo husaidia wachache. Kuna ruzuku zinazotokana na mfuko wa Grand Slam kupitia ITF, kwa wachezaji wa nchi zisizo na uwezo mkubwa. Fuatilia hizo kupitia shirikisho lenu. Kuna ligi za vilabu Ulaya, hasa Ujerumani, Ufaransa na Italia, ambako klabu humlipa mchezaji kwa kila mechi ya timu. Wanawake wengi wa nafasi ya 200 au 300 hulipia mwaka wao kwa wiki chache za ligi hizo. Mikataba ya raketi na nguo kwa ngazi yake huwa ni vifaa, pesa huja baadaye sana. Mchezo wa wawili wawili nao usiudharau. Una orodha yake ya viwango, huongeza hundi ya pili kwenye wiki ileile, na hufundisha kurudisha sevu na kucheza karibu na wavu, mambo ambayo wasichana wengi wa siku hizi wamepungukiwa. Atatokea pia mtu wa kusema atalipia kila kitu kwa sharti la kukatiwa asilimia ya mapato. Si lazima awe mbaya. Angalia mkataba unaisha lini, kama asilimia inakatwa kabla au baada ya gharama na kodi, na nini kinatokea akiumia. Usitie sahihi bila mwanasheria.

Sasa kocha, na hapa naomba unisikilize kama mama. Kocha anayetaka mtoto aache shule huenda ana imani naye ya kweli, na huenda pia anapata ujira zaidi mtoto akifanya mazoezi mchana kutwa. Muulize amewahi kumtoa nani kutoka nafasi gani hadi gani. Kuna makocha wazuri sana wa watoto ambao hawajawahi kukanyaga W15, na hilo si aibu, ila unapaswa kulijua.

Muhimu kuliko hilo ni usalama. Tenisi ya wanawake ni kazi ambayo msichana mdogo huzunguka dunia na mtu mzima mmoja anayemtegemea kwa kila kitu. Pam Shriver, mwenye mataji 21 ya Grand Slam ya wanawake wawili wawili, alijitokeza hadharani mwaka 2022 na kueleza uhusiano ulioanza akiwa na miaka 17 na kocha wake aliyekuwa na miaka 50. Alisema wazi kwamba mambo kama hayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo weka masharti, na uyaandike. Vyumba viwili tofauti, hata kama pesa ni ngumu. Ikishindikana, wasafiri wasichana wawili wakae pamoja na kocha akae kwake. Pasi ya kusafiria na kadi ya benki azishike binti. Azungumze na wewe kila siku bila kocha kuwepo. Asikandwe misuli na kocha chumbani. Kazi hiyo ni ya mtaalamu, mahali palipo wazi. Kocha mwaminifu atakubali haya yote bila kunung'unika, kwa sababu yanamlinda yeye pia. Anayekasirika, achana naye siku hiyohiyo.

Mwili wake bado unakua. Viungo vinavyoumia zaidi ni kifundo cha mkono, bega, mgongo wa chini na goti. Lakini kuna dalili ambayo makocha wa kiume wanaikwepa kwa aibu: hedhi. Msichana anayefanya mazoezi makali na kula kidogo, hedhi yake ikikoma miezi kadhaa, mwili unasema chakula hakitoshi kazi, na mifupa iko hatarini kupasuka kidogokidogo. Hilo ni la daktari. Virutubisho vya makopo na vidonge vya usingizi navyo viogopeni. Swiatek, akiwa juu kabisa, alifungiwa mwezi mmoja mwaka 2024 kwa sababu dawa yake ya usingizi ya melatonini ilikuwa imechafuliwa na kitu kilichokatazwa. Yeye alikuwa na wanasheria na maabara za kuthibitisha. Mchezaji wa nafasi ya 600 hana.

Jambo jingine litakalomfuata tangu W15 ya kwanza ni wacheza kamari. Mechi za ngazi ya chini zinabetiwa duniani kote. WTA na ITF zilipotoa ripoti ya mwaka 2024 zilihesabu takriban jumbe 8,000 za matusi zilizotumwa kwa wachezaji 458, na karibu asilimia 40 zilitoka kwa watu waliopoteza dau. Mfundishe kufunga jumbe kutoka kwa wasiojulikana kabla ya kila mechi na kufungua baadaye, au mtu mwingine ashike akaunti. Atakuja pia mtu wa kumwambia apoteze seti moja tu kwa pesa inayozidi zawadi ya ubingwa. Kukataa hakutoshi. Kanuni zinamtaka aripoti kwa ITIA, chombo cha uadilifu wa tenisi, na kunyamaza peke yake ni kosa linaloweza kumfungia. Aijue namba ya chombo hicho kabla hajaihitaji.

Kazi yenyewe hudumu muda gani? Zamani wasichana wengi waliacha mapema. Sasa miaka ya thelathini ni ya kawaida. Tatjana Maria, mama wa watoto wawili, alifika nusu fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 34, na mwaka 2025, akiwa na 37, alianzia kufuzu na kutwaa taji la Queen's mjini London. Elina Svitolina alijifungua Oktoba 2022 na Julai iliyofuata alikuwa nusu fainali ya Wimbledon. Belinda Bencic alifanya hivyohivyo mwaka 2025. Venus Williams alishinda mechi Washington mwaka huo akiwa na miaka 45. Mchezaji anayejifungua hutunziwa nafasi yake ya kuingilia mashindano, na tangu 2025 WTA ina mfuko unaowalipa wanaostahili hadi miezi 12 ya likizo ya uzazi. Nakuambia haya ili ujue hakuna haraka. Akianza kulipwa kikamilifu akiwa na miaka 20 au 22, bado ana zaidi ya miaka kumi mbele.

Sasa nitajuaje, umeuliza. Usiangalie mataji, angalia anamshinda nani. Kila baada ya miezi mitatu andika mechi zake dhidi ya waliomzidi nafasi 200 au zaidi. Akishinda moja kati ya nne, anapanda, hata kama orodha haijaonyesha. Akishinda tu walio chini yake, anazunguka palepale. Kwa makadirio yangu, mchezaji aliyemaliza miaka miwili kamili ya kusafiri, bila jeraha kubwa, akiwa bado nje ya 500 na hawashindi walio karibu na 300, anapaswa kukaa na wewe mezani kuzungumza juu ya chuo, ukocha au kazi nyingine ndani ya tenisi. Aliye 280 na anashinda mechi za kufuzu za WTA, huyo mtafutieni pesa ya mwaka mwingine kwa kila njia ya halali.

Tarehe ya mazungumzo hayo ipangwe sasa, wakati kila mtu ana furaha. Kwa leo, mwombe kocha akuandikie ratiba ya miezi 12: mashindano gani, kwa nini hayo, nauli na malazi ya kila moja, na nani anasafiri. Ikikufikia, anza kwa kuangalia wiki ambazo hazina mashindano. Ratiba ya msichana wa miaka 16 isiyo na angalau wiki nne za mapumziko kamili, wiki za mitihani zilizoachwa wazi, na vipindi viwili virefu vya kujenga mwili, irudishe iandikwe upya.